Wanasayansi wa Kimataifa na Utafiti wa Ziwa Tanganyika: Kiswahili kama Daraja kati ya Maabara na Mwalo

Ikisiri

Kwa zaidi ya miaka 150, Ziwa Tanganyika limechunguzwa na wanasayansi mashuhuri kutoka Uingereza, Ubelgiji, Ufini, Japani, Marekani, Uswisi na kwingineko. Matokeo ya kazi yao yamebadilisha fikra za ulimwengu kuhusu mageuko ya viumbe, historia ya tabianchi na ustawi wa maziwa ya kitropiki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maarifa hayo imeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali Kiswahili ndicho lugha inayowaunganisha wengi wa wavuvi na wafanyabiashara wa mwambao wa ziwa hili. Makala haya yanaeleza hatua kuu za utafiti huo, yanafafanua jambo moja la kisayansi ambalo maamuzi ya sasa ya uvuvi yanalitegemea, na yanaonesha vikwazo viwili vya kilugha: majina ya samaki yanayogongana, na upungufu wa istilahi za elimu ya maziwa. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera na asasi za Kiswahili.

Maneno Msingi: Ziwa Tanganyika, istilahi za sayansi, majina ya samaki, sera ya lugha, uvuvi

1.0 Utangulizi

Bujumbura ni mji uliozaliwa na ziwa. Kutoka kata ya Buyenzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitovu cha Kiswahili nchini Burundi, hadi mialo iliyo kusini mwa mji, lugha ya biashara ya samaki imekuwa Kiswahili sambamba na Kirundi. Hali inafanana na hiyo Uvira na Kalemie upande wa Kongo, na Kigoma upande wa Tanzania. Ziwa lenyewe limegawanywa na mipaka ya nchi nne: takriban asilimia 45 iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, asilimia 41 Tanzania, asilimia 8 Burundi na asilimia 6 Zambia. Samaki hawaijui mipaka hiyo, na kwa kiasi kikubwa Kiswahili nacho hakijaijua.

Ukubwa wa ziwa hili unaeleza kwa nini limewavuta wataalamu wa mataifa mengi. Urefu wake ni takriban kilomita 670, na kina chake cha mwisho ni mita 1,470, hivyo linashika nafasi ya pili duniani baada ya Baikal. Linakadiriwa kuhifadhi asilimia 17 hivi ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa nchi. Wanajiolojia wanakisia umri wake kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12.

Hoja ya makala haya ni kwamba mchango wa wanasayansi hao haujakamilika maadamu haujamfikia mtu anayetakiwa kubadili mwenendo wake kwa sababu yake. Mvuvi anapoambiwa apumzishe nyavu zake kwa miezi mitatu, anastahili kuelezwa sababu kwa lugha anayoifikiria. Jukumu la kuifanya lugha hiyo iwe tayari ni letu sisi watafiti wa Kiswahili.

2.0 Hatua kuu za utafiti

2.1 Kutoka maswali ya jiografia hadi fumbo la konokono

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha ni iwapo mto Rusizi unatoka ziwani kuelekea kaskazini au unaingia ziwani. Walipofika Uvira, wenyeji waliwaambia waziwazi kwamba mto huo unaingia. Hata hivyo, suala hilo lilihesabiwa kuwa limefungwa miaka 13 baadaye tu, pale David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofika kwenye mlango wa Rusizi mwezi Novemba 1871 na kujionea wenyewe. Mkasa huu unafaa kukumbukwa na kila mtafiti: jibu lilikuwapo tayari, katika vinywa vya watu wa ziwa.

Speke alirudi Uingereza na makombe ya konokono yaliyowashangaza wataalamu, kwa kuwa baadhi yalifanana sana na ya konokono wa baharini. Mshangao uliongezeka ilipothibitishwa kwamba ziwani mna yavuyavu, kiumbe ambaye watu wamezoea kumwona baharini. Mwingereza John Edmund Sharrock Moore, aliyeongoza safari mbili za utafiti katika miaka ya 1890, alitoa nadharia kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale ya enzi ya Jurasiki, na mwaka 1903 alichapisha kitabu kizima juu ya fumbo hilo. Moore hakuwa mtafiti mdogo. Mwaka 1905 yeye na J. B. Farmer ndio walioipa sayansi ya seli neno meiosisi. Pamoja na hayo, nadharia yake ya bahari haikusimama. Safari ya William Cunnington ya mwaka 1904 hadi 1905 na uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba viumbe wa ziwa wana nasaba na wale wa maji baridi ya Afrika. Kufanana kwao na viumbe wa bahari kumetokana na kuishi kwa muda mrefu katika ziwa kubwa lenye mawimbi, miamba na maadui wengi. Kosa la Moore lilizaa swali lenye manufaa: ni kwa namna gani ziwa moja linaweza kuzalisha viumbe wengi wasiopatikana mahali pengine popote?

2.2 Kupima na kuainisha

Kizazi kilichofuata kilikuwa cha vipimo na orodha. George Albert Boulenger, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la historia ya asili jijini London, alieleza kisayansi samaki wengi wa ziwa hili bila kuwaona wakiwa hai. Louis Stappers, daktari Mbelgiji, alilizunguka ziwa kati ya mwaka 1911 na 1913 akikusanya sampuli. Majina yao yamebaki katika orodha za kisayansi. Mukeke wa Bujumbura, ambaye Kigoma huitwa mgebuka, kwa sayansi ni Lates stappersii, naye kuhe ni Boulengerochromis microlepis. Kila siku wachuuzi wetu hupanga juu ya meza kumbukumbu za wanasayansi wawili wasiowajua.

Mwaka 1946 na 1947 Ubelgiji ilituma msafara mkubwa wa elimu ya maji. André Capart alipima vina na kuchora ramani ya sakafu ya ziwa. Kipimo cha mita 1,470 tunachokitaja hadi leo kinatokana na kazi hiyo. Max Poll, mtaalamu wa samaki wa jumba la makumbusho la Tervuren, aliandika juzuu za samaki ambazo bado ni marejeo ya kwanza ya kila mtafiti wa fani hiyo.

2.3 Ziwa kama maabara ya mageuko

Tangu miaka ya 1970 mwishoni, watafiti wa Japani walioongozwa na Hiroya Kawanabe walishirikiana na wataalamu wa Uvira kuchunguza maisha ya samaki chini ya maji. Matunda ya ushirikiano huo ni mengi, lakini mashuhuri zaidi ni utafiti wa Michio Hori uliochapishwa mwaka 1993. Hori alimchunguza Perissodus microlepis, samaki anayeishi kwa kubandua magamba ya wenzake. Baadhi ya samaki hawa wana mdomo uliopinda kulia na wengine kushoto, na kila kundi hushambulia ubavu mmoja tu. Kundi moja linapozidi, samaki wanaoshambuliwa hujihadhari zaidi upande huo, na kundi lililo dogo hupata nafuu. Matokeo yake ni kwamba makundi mawili hayo hupanda na kushuka huku yakizunguka nusu kwa nusu. Mfano huu hutajwa katika mafunzo ya biolojia duniani kote, nao ulipatikana kilomita chache tu kutoka Bujumbura, ng'ambo ya maji.

Mwaka 2021 Fabrizia Ronco, Walter Salzburger na wenzao wa Chuo Kikuu cha Basel walichapisha uchunguzi wa karibu spishi zote za sikilidi wa Tanganyika, takriban 240, na kuonesha kwamba utofauti huo ulitokea ndani ya ziwa lenyewe. Wataalamu wa Burundi nao hawakuwa watazamaji. Gaspard Ntakimazi wa Chuo Kikuu cha Burundi, pamoja na wenzake, walitoa mwaka 2000 taarifa ya kina kuhusu bioanuwai ya delta ya Rusizi, mahali ambapo viboko, ndege na mazalia ya samaki hukutana kwenye ukingo wa mji unaokua kwa kasi.

3.0 Jinsi ziwa linavyojilisha

Ili kuelewa mjadala wa sasa, hapana budi kueleza jambo moja ambalo msingi wake uliwekwa na watafiti hao kwa miongo mingi. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepangika kwa matabaka. Tabaka la juu lina joto, mwanga na oksijeni. Tabaka la chini ni la ubaridi kiasi, halina mwanga wala oksijeni, lakini limejaa virutubisho vilivyotokana na viumbe waliokufa na kuzama. Oksijeni hufika mita 100 hivi kaskazini, na karibu mita 200 kusini. Chini ya hapo, katika maji ambayo ni sehemu kubwa mno ya ziwa, samaki hawezi kuishi.

Mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao ndio chakula cha kwanza cha ziwa zima, unahitaji vitu viwili vilivyotengana: mwanga ulio juu na virutubisho vilivyo chini. Upepo ndio unaovikutanisha. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya kina hupanda upande wa kusini. Upepo unapotulia, ziwa zima huyumba mithili ya maji katika karai lililoinamishwa kisha likaachwa, na virutubisho husambaa. Mwani hustawi, wanyama wadogo wa majini huula mwani, ndagala huwala wanyama hao, naye mukeke humla ndagala.

Tofauti ya joto kati ya juu na kina ni ndogo, digrii chache tu za selisiasi. Lakini kadiri maji yanavyokuwa na joto, ndivyo digrii moja inavyoyabadilisha uzito zaidi. Kwa hiyo katika ziwa la kitropiki ongezeko dogo la joto huyafanya matabaka yashikamane mahali pake, na upepo uleule hushindwa kuyakoroga kama zamani.

4.0 Joto au nyavu?

Mwaka 2003 makundi mawili ya wanasayansi yalichapisha matokeo yaliyoelekea upande mmoja. Catherine O'Reilly na wenzake walisoma kemia ya kaboni katika mashapo ya sakafu ya ziwa na kukadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, upungufu ambao ungeweza kushusha mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30. Piet Verburg, Robert Hecky na Hedy Kling walilinganisha vipimo vya joto vya tangu mwaka 1913 na vya wakati wao, pamoja na hali ya mwani kama ilivyoonekana mwaka 1975, wakabaini kwamba ziwa limepata joto na mwani umepungua. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walionesha, pia kwa kusoma mashapo, kwamba joto la mwishoni mwa karne ya 20 halikuwa na mfano tangu mwaka 500 hivi.

Wengine hawakukubaliana na hitimisho kuhusu samaki. Mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika uliogharimiwa na Ufini kupitia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambao ulianza mwaka 1992 na makao yake yakiwa hapa Bujumbura, ulikuwa umekusanya takwimu nyingi za uvuvi. Kwa kutegemea takwimu hizo, Jouko Sarvala na wenzake walieleza mwaka 2006 kwamba kupanda na kushuka kwa mavuno kunaakisi zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe: meli za nyavu za kuzungushia zilizoanza katika miaka ya 1950, taa, ongezeko la mitumbwi, kisha vurugu za kisiasa na kiuchumi.

Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, akiwamo Ishmael Kimirei wa taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, walirudi kwenye mashapo. Mabaki ya samaki na konokono yalionesha kwamba kupungua kulianza karne ya 19, kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara, na kwamba eneo la sakafu lenye oksijeni lilikuwa limepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Hawakusema kwamba nyavu hazina athari. Walichosema ni kwamba uwezo wa ziwa wenyewe unasinyaa, hivyo idadi ya nyavu iliyovumilika jana huenda isivumilike leo.

Kwa mshauri wa sera, tofauti hii ina uzito mkubwa. Ikiwa tatizo lote ni nyavu, basi mvuvi ndiye chanzo na kufunga ziwa ni tiba. Ikiwa sehemu ya tatizo ni joto la dunia, basi mvuvi ni mwathirika pia, na kufunga ziwa ni njia ya kupunguza madhara inayopaswa kuambatana na msaada kwake. Tanzania ilipofunga uvuvi katika eneo lake la ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani, swali la mvuvi lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: kwa nini mimi?

5.0 Jina moja, samaki wengi. Samaki mmoja, majina mengi

Jibu la kisayansi haliwezi kufika mwaloni ikiwa maneno yanagongana. Tuchukue neno dagaa. Kigoma, dagaa ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, samaki wa ukoo wa saradini. Mwanza, dagaa ni Rastrineobola argentea, samaki wa kundi la ningu. Pwani, dagaa ni mchanganyiko wa samaki wadogo wa baharini. Agizo lolote la Kiswahili linalotaja "uvuvi wa dagaa" bila ufafanuzi linagusa samaki wasio na undugu wa karibu, wenye mazalia na mienendo tofauti.

Upande wa pili, samaki mmoja hubadili jina kila apitapo mpaka. Dagaa wa Kigoma ni ndagala Bujumbura na kapenta Zambia. Limnothrissa miodon aliyepandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 anaitwa sambaza. Vilevile, sangala wa Tanganyika na sangara wa Ziwa Viktoria wanatofautiana kwa sauti moja tu, nao ni wa jenasi moja ya Lates; lakini sangara alipandikizwa Viktoria na kuwamaliza samaki wengi wa asili, ilhali sangala ni mwenyeji wa Tanganyika anayehitaji kulindwa. Msikilizaji wa redio asiyefafanuliwa anaweza kumtendea mmoja kwa sifa za mwingine.

Hatupendekezi majina ya wenyeji yafutwe. Majina hayo yamebeba maarifa. Kinachohitajika ni kuyafungamanisha na majina ya kisayansi katika kamusi moja ya ziwa, kila kidahizo kikionesha eneo ambamo jina linatumika.

6.0 Istilahi zinazokosekana

Kikwazo cha pili ni dhana. Maelezo ya sehemu ya 3.0 yameandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, na hilo linathibitisha kwamba lugha haijashindwa. Lakini maelezo marefu hayatoshi katika mikataba, mitaala na taarifa za hali ya ziwa. Huko hutakiwa istilahi moja kwa dhana moja. Tunapendekeza zifuatazo zijadiliwe.

Kwanza, matabaka ya joto, kwa mpangilio wa maji kufuata joto lake. Na mpaka wa joto, kwa kina ambapo joto hubadilika ghafla. Pili, ukomo wa oksijeni, kwa kina ambacho chini yake samaki hawezi kupumua. Tatu, mkorogeko, kwa kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini. Umbo la mkorogo ni jepesi zaidi, ila limekwisha kushikwa na maana ya vipodozi vya kuchubua ngozi, nalo lingezua kicheko mahali pasipofaa. Nne, uzalishaji wa awali, kwa kazi ya mwani ya kutengeneza chakula cha kwanza. Tano, mashapo, neno ambalo limekwisha kuzoeleka katika jiolojia, na ambalo kila aliyewahi kumimina kahawa au togwa analielewa.

Vigezo vyetu ni vitatu: neno lijieleze kwa msikilizaji asiyesoma sayansi, lisigongane na maana iliyoenea, na litamkike bila shida kwa wasemaji wa Kirundi, Kifuliiru na Kiha.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Moore, Stappers, Poll, Hori, O'Reilly, Cohen na wenzao wametuachia hazina. Baadhi yao walikosea na wengine wakawasahihisha. Huo ndio mwendo wa sayansi, na wasomaji wa Kiswahili wanastahili kuoneshwa mwendo huo pamoja na mabishano yake.

Tunapendekeza mambo manne. Mosi, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyo na makao Bujumbura na iliyotokana na mkataba uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, itoe muhtasari wa Kiswahili kwa kila taarifa yake ya kisayansi, sambamba na Kiingereza na Kifaransa. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iunde jopo la wanaisimu, wataalamu wa samaki na wavuvi wazoefu ili kuandaa kamusi ya ziwa. Burundi imo katika Jumuiya tangu mwaka 2007 na Kongo tangu mwaka 2022, hivyo nchi tatu kati ya nne za ziwa zimo tayari, na Zambia ialikwe. Tatu, vyuo vikuu vya ukanda huu viwatake watafiti wa nje na wa ndani waambatanishe ikisiri ya Kiswahili na kila kazi inayohusu ziwa. Nne, kila tangazo la kufunga uvuvi liambatane na maelezo ya Kiswahili yanayosema wazi ni samaki gani wanaohusika, ni sehemu gani ya tatizo inayotokana na nyavu, na ni sehemu gani inayotokana na joto ambalo mvuvi hakulisababisha.

Mwaka 1858 watu wa Uvira walisema mto unaingia ziwani, na sayansi ikachukua miaka 13 kuwasadiki. Leo sayansi ndiyo inayosema, na watu wa ziwa ndio wanaotakiwa kusadiki. Wasadiki vipi neno ambalo hawajaambiwa?